Kopo la Matabishi

Jumatatu, tarehe 12 Mei

Jeanine amepiga simu kutoka Obokote. Binti yangu huyu hasalimii siku hizi, anaanza na shida. Ameletewa pointi za mtoto wake Daniella. Hesabu: nne juu ya ishirini. Nikamwambia nne si haba, kuna waliopata mbili. Nikajua nimeharibu.

Naandika maneno yake kama alivyoyasema, nisije nikajidanganya baadaye. Jumamosi ya tarehe 24 Mwalimu Xavier atawasimamisha watoto wa darasa la sita mbele ya wazazi. Hesabu ya kichwa, bila karatasi, bila biki. Yeye Jeanine atakuja na piki kuona kwa macho yake. Mtoto akipita, atabaki kwangu na atafanya mtihani wa taifa. Akianguka, anapanda piki na mama yake. "Mama, kama ni kulima tu, hata huku Obokote mashamba iko."

Daniella ana miaka kumi na mmoja. Niko naye tangu aache ziwa la mama yake. Akiondoka, hapa Mikelenge nitabaki na kuku watatu, na mmoja wao ni mwizi.

Sikubali. Siku kumi na mbili.

Mimi benchi ya masomo sikuikalia hata siku moja. Herufi nilifundishwa ukubwani na rafiki yangu Salama, juu ya magunia ya mchele yenye maandishi. Hesabu hakuna aliyenifundisha. Lakini nimepima mchele na karanga sokoni miaka arobaini, na hakuna mtu aliyeondoka mbele yangu akinuna. Nani atamfundisha huyu mtoto kama si mimi?

Jumatano, tarehe 14 Mei

Mpango wa kwanza: kumwibia Mwalimu Xavier ujuzi wake. Si wizi. Anautoa kwa sauti.

Nimeketi chini ya dirisha la darasa la sita na sinia ya karanga, kama muuzaji aliyechoka. Nimesikia mambo makubwa.

Mara tano: chukua nusu ya namba, weka sifuri nyuma yake. Tano mara nane, nusu ya nane ni nne, weka sifuri, arobaini. Basi. Hakuna jasho.

Mara kumi na moja, kwa namba ya tarakimu mbili: zitenganishe, zijumlishe, weka jumla katikati. Ishirini na tatu: mbili huku, tatu kule, tano katikati. Mia mbili hamsini na tatu. Nilishika kichwa. Watu wameficha vitu hivi miaka yote hii!

Mara tisa wanafanya na vidole. Fungua vidole kumi mbele yako. Tisa mara nne, kunja kidole cha nne. Vitatu vimebaki kushoto, sita kulia: thelathini na sita. Nikajaribu palepale. Vidole vyangu vimeshupaa kwa jembe, cha nne hakikunjiki bila kukivuta cha tano. Nikapata thelathini na tano. Nikakishika kile cha tano kwa mkono wa pili ili kisikunjike. Nikakosa mkono wa kuhesabia.

Kwa hasira nikasimama. Kichwa changu kikatokea dirishani. Darasa zima likacheka.

Mwalimu Xavier ni kijana mpole. Alitoka akaniambia, kama anayesema na bibi yake, "Koko, huku hatuuzishake vitu." Nikamwambia siuzi, nimepumzika. Akauliza mbona nimepumzika na kaye iliyojaa maandishi, na biki mkononi. Nikaisukuma kaye chini ya sinia. Daniella alikuwa amejificha chini ya benchi, niliona miguu yake.

Nyumbani hajala. Ameniambia kwa upole mbaya sana kwamba angefurahi kama ningekuwa koko wa mtu mwingine, Jumatano tu.

Jumamosi, tarehe 17 Mei

Siku saba zimebaki. Leo tumefanya kazi.

Mara tisa ameijua kwa saa moja. Vidole vyake vinakunjika kama sombe, majani ya muhogo. Mara tano ameijua. Kumi na moja ameipenda mpaka anaisema kwa kuimba. Huyu mtoto si mjinga. Ana woga. Akiitwa mbele ya watu, damu yote inashuka miguuni.

Kilichobaki ni makumi. Hapo sikuhitaji Mwalimu yeyote. Nimemwonyesha kwa njia yangu.

Nimepanga mafungu ya karanga kwenye sinia, kila fungu kumi, na moja juu. Kama tunavyopima siku zote. Mtu akichukua makopo kumi ya mchele, kopo la kumi na moja linamwagwa juu yake, bure, mbele ya macho yake. Matabishi. Anayepima kumi kavu, wateja wanampita kama mti. Daniella anajua haya tangu anatambaa katikati ya vikapu vyangu.

Nikauliza mafungu manne. Aliyatazama tu: arobaini na nne. Mafungu saba? Sabini na saba. Matatu? Thelathini na tatu. Hakukosa hata mara moja. Nimempa karanga zote.

Akiwa anatafuna akasema, "Koko, Mwalimu anasema kumi mara nne njo arobaini."

Nikamwambia Mwalimu hana meza sokoni.

Jumanne, tarehe 20 Mei

Siku nne.

Jirani yangu Mama Muhindo, mwenye butiki, duka ng'ambo ya ua, alitoka Butembo miaka mingi iliyopita, na tangu hapo anaishi na mashini ya hesabu shingoni, inaning'inia kama rozari. Hata kujumlisha mbili na mbili anaibonyeza kwanza. Mjukuu wake Chérie yuko darasa moja na Daniella. Leo Mama Muhindo amenirushia neno juu ya ua: amesikia Daniella anaenda Obokote, eti nimtafutie jembe dogo, yale makubwa yatamuumiza mabega.

Nilichomjibu siandiki. Kaye hii niliinunua mpya.

Mpango wa pili. Nimemwita Chérie aje kunipepetea mchele. Akipepeta kwangu mchana wote, hatajifunza. Akichoka kila siku mpaka Ijumaa, Jumamosi atasinzia. Ni mpango mzuri, ulinijia nikichota maji.

Amekuja. Heshima zote, magoti chini, "Jambo Koko." Mikono myembamba kama vijiti. Bibi ana butiki nzima na mtoto ana mikono ile? Nimeweka ungo pembeni, nimempa wali na sombe. Nikamwongezea samaki. Akiwa anakula, machozi yakaanguka kwenye sahani. Anaogopa hesabu ya mara tisa. Kwao wanambonyezea mashini, na Jumamosi mashini hakuna.

Ningefanya nini? Nimemfundisha vidole. Alijua kabla sahani haijaisha.

Kwa hiyo nimemlisha adui, nimempa silaha, na mchele haujapepetwa. Daniella aliuliza kama huo ndio mpango. Nikasema ndiyo.

Lakini mafungu ya karanga sikumwonyesha. Hiyo siri ya nyumba.

Alhamisi, tarehe 22 Mei

Jeanine ameanza safari. Amepiga simu akiwa njiani, upepo mwingi, matope mengi, sauti kavu. Ameniuliza kama nguo za mtoto ni safi. Hakuuliza nguo za kuvaa Jumamosi. Aliuliza zote.

Kisha nikapata mpango wa tatu.

Nitakaa mbele kabisa. Daniella akikwama, ataniangalia. Nikigusa kilemba, ni kumi. Nikigusa sikio, ni moja. Tumejaribu nyuma ya jiko. Nilitaka ishirini, akasoma ishirini na mbili. Nilitaka hamsini, akasoma hamsini na tano. Nikamwambia aangalie vizuri.

"Naangalia, Koko. Kila ukigusa kilemba, unagusa na sikio."

Nikasema uongo. Akasema tena. Nikasema labda sikio lilikuwa linawasha. Akaweka mikono kiunoni, mama yake kabisa, akasema hataki alama. Anataka kujibu mwenyewe. Hata akianguka, aanguke na jibu lake.

Nikasema sawa. Sikusema sawa gani.

Jumamosi, tarehe 24 Mei

Naandika upesi, kabla moyo haujapata njia ya kubadilisha mambo.

Uwanja wa masomo ulijaa. Nilikaa benchi ya mbele. Mama Muhindo akaja kukaa ubavuni mwangu, amevaa kitenge cha sikukuu, mashini kifuani. Jeanine alifika watoto wakiwa wamesimama tayari. Matope mpaka magotini. Hakukaa. Alisimama nyuma, karibu na ukuta, na begi tupu mgongoni. Begi lile nililiona kuliko nilivyomwona yeye.

Kila mtoto maswali matano. Ukipata manne, umepita. Chini ya hapo, umeanguka.

Chérie alianza. Mara tisa zilikuja mbili. Alikunja vidole vyake nyuma ya mgongo, kama nilivyomfundisha mimi. Tano juu ya tano. Mama Muhindo alinigeukia akasema damu haidanganyi.

Daniella. Alitembea kama mtu anayepita juu ya gogo mtoni.

Tisa mara saba. Akakunja kidole cha saba. Sita huku, tatu kule. Sitini na tatu. Kweli.

Tano mara kumi na nane. Nusu, tisa, sifuri. Tisini. Kweli.

Kumi na moja mara arobaini na tano. Midomo ikaimba kidogo. Mia nne tisini na tano. Watu wakapiga makofi. Mama Muhindo alibonyeza mashini chini ya kitenge kuhakikisha, nilimwona. Nikamtazama Jeanine. Alikuwa ameshusha begi chini.

Bado moja tu apite.

Thelathini ongeza arobaini. Daniella akajibu upesi, kwa furaha: sabini na saba.

Mwalimu Xavier akaandika. Aliniangalia kidogo, sijui kwa nini aliniangalia mimi.

Swali la mwisho alilichagua kwa huruma, kila mtu alielewa. Swali la darasa la pili. Kumi mara nane.

Daniella alifungua mdomo. Nilimwona anajua. Midomo yake ilishatengeneza themanini. Kisha akakumbuka lile la nyuma, akaogopa, na macho yake yakanitafuta. Yeye aliyekataa alama.

Mkono wangu ukapanda wenyewe. Kilemba mara nane. Nilijiambia ushuke. Nawaapia, nilijiambia. Ukaenda na sikioni, mara nane.

Daniella aliniona. Kati ya Mwalimu wake na koko wake, alinichagua mimi.

"Themanini na nane."

Walicheka. Si wote. Jeanine hakucheka. Aliokota begi.

Jumapili, tarehe 25 Mei

Asubuhi Jeanine alikunja nguo za Daniella. Daniella alikaa mlangoni amemkumbatia kuku mwizi. Mimi nilizunguka nyumba nikihamisha vitu ambavyo havikuhitaji kuhama.

Kisha Jeanine akauliza, akiwa amenipa mgongo, ni nani alimfundisha mtoto kuongeza moja juu ya kila kumi.

Nikasema mimi.

Akauliza kwa nini. Nikasema matabishi. Akasema wamama wote wa sokoni wanatoa matabishi, na watoto wao wanajua kumi ni kumi. Akageuka. "Kwa nini, Mama?"

Miaka yote hii nimezunguka swali hilo kama shimo la choo. Leo nikaingia.

Mwaka wa tisini na nane, vita ilipokaribia mji, nilitoka na watoto kumi wanaotembea. Wanne wangu, sita wa majirani. Jeanine alikuwa wa kumi na moja, mgongoni, bado ananyonya. Kila tuliposimama porini nilihesabu kwa vidole. Mtoto mmoja, kidole kimoja. Vidole vikijaa, tunaendelea. Wa mgongoni sikumhesabu, nilikuwa namsikia.

Siku ya tatu tukafika kwenye kijito. Maji kiunoni, yanavuta. Nikamfungua Jeanine, nikamkalisha chini ya majani makubwa, niwavushe wale wengine mmojammoja. Ng'ambo nikahesabu. Kumi. Vidole vimejaa. Nyuma yetu risasi zikalia, nikasema twende, tukaenda.

Tulitembea mpaka mgongo wangu ukasikia baridi.

Niliwaambia wale kumi wasisogee. Nikarudi peke yangu. Nilimkuta palepale nilipomwacha. Hakuwa analia. Alikuwa anakula udongo, na alipoona uso wangu akaninyooshea mkono, anipe na mimi.

Matabishi ilikuwako kabla ya vita. Lakini kabla ya vita nilikuwa naweza kuisahau.

Hayo nilimwambia, mbele ya nguo zilizokunjwa. Jeanine akakaa juu ya begi.

"Ulihesabu kumi."

Kumi, nikasema.

"Na miye?"

Nikasema, weye ulikuwa juu.

Akakunja tena nguo iliyokuwa imeshakunjwa. Kisha akauliza nilirudi mbio ama polepole. Nikasema mbio, mpaka kitenge kikabaki kwenye miiba. Akauliza kama nilifika uchi. Nikasema karibu. Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamgeukia, akafunika uso. Nilimshika kichwa. Hakuniondoa. Daniella alisimama mlangoni, amesahau kwamba amebeba kuku.

Hapo njo Mwalimu Xavier akapiga hodi. Ametoka kanisani, na kaye za Daniella za miaka mitatu kwapani. Alizipitia jana. Alituonyesha: makosa ya Daniella yote yana sura moja. Kila penye kumi, pana moja imezidi. Tangu darasa la nne. Alisema mtoto anayekosa ovyo anatisha, lakini anayekosa namna moja siku zote, huyo anajua hesabu, kuna kitu kimoja tu cha kuondoa.

Akamuuliza palepale uani. Kumi mara sita? Midomo ikaanza, ikasimama. Sitini. Ishirini ongeza hamsini? Sabini. Maswali kumi, akajibu kumi. Kila mara nilimwona anaichukua ile ya juu na kuiweka pembeni, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Mwalimu akasema atamwandika kwa mtihani wa taifa. Mkutano wa jana ulikuwa wa kujipima tu.

Jeanine akamtazama mtoto, akanitazama mimi. Akaanza kutoa nguo kwenye begi. Nikafungua mdomo nimshukuru. Akainua kidole.

"Atabaki. Lakini weye, Mama, usimufundishe hesabu tena. Hata moja."

Nikaapa, Mwalimu akiwa shahidi.

Jumatatu, tarehe 26 Mei

Jeanine ameondoka. Begi lake halikurudi tupu. Nimempimia mchele, yeye akishika mdomo wa mfuko. Nane, tisa, kumi. Nikakumbuka kiapo. Mkono ukasimama hewani na kopo limejaa, sijui niumwage ama niurudishe.

Jeanine alinitazama. Akanitoa kopo mkononi, akamimina mwenyewe. Akafunga mfuko kwa fundo kali.

Piki ikawaka. Daniella alikimbia nyuma yake mpaka barabarani, akarudi.

Alhamisi, tarehe 29 Mei

Siku tatu sijagusa hesabu. Nimepungua mwili.

Leo Chérie amekuja na dada zake wawili wadogo, wa mama mkubwa. Mama Muhindo mwenyewe amewatuma. Amesikia vidole vilitoka kwangu, na ameleta chumvi, kwa shingo ngumu, akisema ni nyingi tu imebaki butiki. Watoto wana woga wa mtihani. Wamekaa mkekani mbele yangu, macho sita.

Nilifikiri sana. Jeanine alisema nisimfundishe Daniella. Watoto wa Mama Muhindo hakuwataja. Mwalimu ni shahidi.

Nimewafundisha vidole. Nimewafundisha nusu na sifuri. Wameshika yote. Na kwa sababu siri ya nyumba imeshatoka uani mbele ya Mwalimu, nikaona si vizuri kuwanyima. Nimeleta sinia. Nimepanga mafungu.

Daniella alikuwa kwenye mlango wa jiko, anatikisa kichwa. Akawaambia kwa sauti ndogo kwamba shuleni ni hamsini. Nikamwambia na yeye amesema kweli.

Kisha nikauliza: kumi mara tano?

Wakajibu wote kwa sauti moja, nzuri, ikavuka ua mpaka butiki: hamsini na tano.

Kule kitu kikaanguka. Mama Muhindo amekuja bila viatu. Amebonyeza mashini mbele ya pua yangu, kumi, mara, tano, akanigeuzia nisome.

Nimeisoma. Hamsini kavu.

Nilimwonea huruma. Anaibeba shingoni miaka yote hii, na haijawahi kumpa hata matabishi ya moja.